Msalaba wa Mukuba: Nani Aliufanya, na Tangu Lini?



Siku ya yubile si vizuri kumwacha mgeni arudi kwake mikono mitupu. Kwetu Kolwezi, kama vile Likasi na Lubumbashi, zawadi ipendwayo sana ni ule msalaba wa mukuba wenye mikono minne inayokaribia kuwa sawa, ambao wasemao Kifaransa huuita croisette na wazee waliuita handa. Mgeni huupokea, huupima uzito mkononi, huugeuza, kisha huuliza: Nani aliufanya? Ni wa siku zipi? Nasi humjibu upesi, «Ni wa wakubwa wetu, wa zamani sana.» Jibu hilo ni la adabu, lakini mara nyingi si kweli. Misalaba mingi inayouzwa leo ni mipya, na ile iliyo ya kale kweli imetoka mahali ambapo haikupasa kutolewa. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kueleza katika kurasa hizi namna ya kuutambua mmoja na mwingine.

Mwenye glasi ya ukumbusho iliyotoka Ulaya hana taabu kubwa. Huipindua, hutazama kitako chake, na mara nyingi hukuta chapa ya kiwanda, kama ile ya Val-Saint-Lambert, kiwanda cha vioo kilichoanzishwa karibu na Liège, Ubelgiji, mwaka 1826. Chapa ikikosekana, atatafuta mshono ulioachwa na kalibu ubavuni mwa glasi, na kwa mshono huo atajua kama iliumbwa katika kalibu au kwa pumzi tu ya fundi. Msalaba wetu hauna chapa wala jina. Lakini nao ulizaliwa katika kalibu, na kalibu huacha alama zake juu ya mukuba kama inavyoziacha juu ya kioo. Ni lazima tu kujua kuzisoma.

Kwanza tuondoe kosa moja lililoenea hata kati ya wakristu wenye elimu. Wapo wasemao kwamba umbo hili lilitoka kwa wamisionari, ya kwamba wahunzi wetu waliuona msalaba wa Wareno huko pwani ya magharibi, wakauiga. Habari hiyo ni tamu masikioni mwa mkristu, lakini makaburi yanaikanusha.

Kaskazini mwetu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kolwezi, katika bonde la Upemba, Lualaba hupita katika maziwa mengi. Kando ya ziwa moja liitwalo Kisale pana mahali paitwapo Sanga. Hapo Jacques Nenquin alichimbua makaburi ya kale mwaka 1957, Jean Hiernaux akafuata mwaka 1958, na tangu mwaka 1974 Pierre de Maret aliendelea na kazi hiyo pale Sanga na katika vijiji vingine vya bonde lile, kama Katongo na Malemba-Nkulu. Makaburi hayo yamepangwa kwa nyakati, kufuata vyungu vilivyozikwa pamoja na wafu na kufuata vipimo vya makala. Katika yale ya zamani zaidi mapambo ya mukuba yapo, mikufu na bangili za kazi safi ajabu, lakini misalaba karibu haionekani. Kisha, tangu karne ya 13 au ya 14, misalaba inaanza kuonekana kwa wingi. Tukumbuke kwamba Diogo Cão alifika kwenye kinywa cha mto Kongo mwaka 1482, na mfalme wa Kongo alibatizwa mwaka 1491. Watu wa Kisale walikuwa wamekwisha kuzikwa na misalaba yao kabla merehebu ya kwanza ya Wareno haijaonekana, tena zaidi ya kilomita 1,000 mbali na bahari ile.

Basi, handa haukuwa ishara ya Kristu. Ulikuwa mali. Sisi tulioupokea Msalaba mwingine hatuna haja ya kuona haya kwa neno hilo, wala hatuna haja ya kuwabatiza wafu wa Sanga kwa nguvu. Ilitokea tu kwamba nchi yetu ilikuwa na umbo hilo mikononi mwake karne nyingi kabla ya kusikia Injili, na kwangu mimi jambo hilo latosha kustaajabisha bila kuongezewa hadithi.

Makaburi yanatufundisha neno la pili, lenye faida kubwa kwa anayetafuta umri wa msalaba. Ile ya kwanza ni mikubwa na ni michache. Mfu mmoja ana mmoja, mara nyingi umewekwa juu ya kifua. Katika karne zilizofuata misalaba inapungua ukubwa na kuongezeka hesabu, hata inafika kuwa ya sentimeta chache tu, inayofanana sana, imefungwa pamoja na kuwekwa karibu na mikono au kiuno cha mfu, mahali ambapo mtu huweka mkoba wake. Wataalamu wanaona hapo njia ya kitu cha heshima kilichogeuka kuwa fedha. Kwa hiyo msalaba mdogo sana si lazima uwe mtoto wa ule mkubwa wa karne ya 19, kama wachuuzi wanavyosema. Huenda ukawa babu yake.

Lakini bonde la Upemba halina mukuba. Mukuba ulitoka kusini, katika ukanda huu wetu unaoanza Kolwezi ukipita Likasi na Lubumbashi hata kuingia Zambia. Kazi ya kuyeyusha ni ya kale humu: Anciaux de Faveaux na de Maret walitangaza mwaka 1984 vipimo kutoka Naviundu, karibu na Lubumbashi, vinavyoonyesha kwamba shaba iliyeyushwa huko yapata karne ya 4. Tena mwaka 2019 wataalamu wa Ubelgiji, kati yao Frederik Rademakers na Nicolas Nikis, walitoa matokeo ya kupima misalaba ya makumbusho kwa kemia na kwa isotopi za risasi, wakailinganisha na mawe ya ukanda wa shaba. Ni sawa na kutafuta chapa ya kiwanda ndani ya madini yenyewe, maana kila mwamba humwachia mukuba wake alama kidogo ya asili yake.

Na mafundi wenyewe walikuwa nani? Kwa upande wetu jina la kwanza ni la Basanga, na mahali pa kwanza ni Dikuluwe, karibu na mji huu. Tunayo bahati kwamba Monsenyeri Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyefika Katanga mwaka 1910 na kuliongoza kanisa la Katanga muda mrefu, aliandika kazi yao yote na kuitangaza mwaka 1926. Aliwaita kwa jina walilojiita wenyewe, walaji wa mukuba. Msomaji wa Kiswahili haulizi sana maana ya neno hilo, kwa sababu sisi pia twasema kwamba mtu amekula mali au amekula ufalme. Kwenda kuchimba mukuba ilikuwa kwenda kula utajiri, na si kila mtu alialikwa kwenye meza ile. Kazi ilikuwa na mabwana wake, dawa zake na miiko yake, na fundi mkuu aliwapokea wanafunzi kwa utaratibu wa siri.

Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno ya mtama, maji yanapokuwa yametoka mashimoni na watu wana nafasi. Wanaume walichimba kwa sururu za chuma, wakifuata mshipa wa jiwe la kijani, yaani malakiti. Wanawake na watoto waliokota lile lililolala juu ya nchi, wakalichagua na kulisafisha. Wengine walikata miti ya kuchoma makala, na si mti wowote, bali ile ngumu itoayo moto mkali. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, usiopasuka kwa moto, na mivukuto ilikuwa ya ngozi. Malakiti ina wema huu, kwamba haina kiberiti. Makala na pumzi za mivukuto zatosha kuifungua. Lakini mukuba hauyeyuki mpaka moto ufike digrii 1,085. Mtu aliyekwisha kuvuta mvukuto wa muhunzi hata wa kufulia jembe anajua digrii hizo ziligharimu jasho la watu wangapi.

Mukuba wa kwanza ulitoka mchafu, vipande vilivyochanganyika na takataka ya tanuru. Uliyeyushwa mara ya pili, ukamiminwa katika kalibu iliyochorwa ardhini, katika mchanga ulioloweshwa kidogo na kushindiliwa. Kalibu hiyo ilikuwa wazi juu. Naomba msomaji akumbuke neno hili, maana ndilo litakalotusaidia mbele kidogo.

Mwaka 1806 wafanyabiashara wawili weusi waliotumwa na Wareno kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walipita katika nchi hii wakielekea Tete, na Baptista aliandika juu ya mawe ya kijani na vyuma vya shaba vilivyofanywa humu. Baadaye katika karne hiyo Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alisimamisha ufalme wake Bunkeya, na mukuba ukawa chini ya mkono wake hata alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Bayeke wake walimimina misalaba nao, na tena walijulikana kwa kuvuta nyaya nyembamba za mukuba kwa bangili. Handa wa siku zile ndio tunaouona zaidi katika makumbusho: una umbo la herufi X, wengi wana karibu sentimeta 20 na uzito wa nusu kilo hata kilo moja na kidogo. Ulilipa mahari, ulilipa kodi ya mfalme, ulinunua pembe na chumvi, ukabebwa hata Angola.

Mwaka 1892 Jules Cornet, mjuzi wa miamba, alipita hapa na msafara wa Bia na Francqui akayaona mashimo ya kale. Tangu mwaka 1899 George Grey wa kampuni ya Tanganyika Concessions alifuata nyayo hizo hizo. Wazungu walitafuta mukuba pale ambapo walaji wa mukuba walikuwa wamekwisha kuchimba. Jambo hili husahauliwa mara nyingi katika vitabu vinavyosimulia jinsi madini ya Katanga «yalivyogunduliwa». Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na katika miaka ile kazi ya wahunzi ikakoma. Msalaba uliofanywa baada ya hapo haukufanywa tena kuwa fedha. Ulifanywa kuwa ukumbusho.

Sasa tuushike mkononi. Ugeuze kwanza. Kwa kuwa kalibu ya wazee ilikuwa wazi juu, pande mbili za handa hazifanani kamwe. Upande uliokaa ndani ya mchanga una umbo lililokusudiwa, mara nyingi na mgongo uliopita katikati ya kila mkono, tena una ngozi ya punje punje za mchanga. Upande uliotazama hewa ni bapa zaidi, wenye mikunjo na vitundu vya mapovu, kama uso wa uji uliopoa. Msalaba ulio laini pande zote mbili, au ulio na mshono mwembamba kuzunguka ukingo wake, ulimiminwa katika kalibu ya vipande viwili vilivyofungwa. Hiyo ni kazi ya karakana ya siku hizi.

Tazama ukingo. Fundi wa kale hakuwa na tupa ya chuma kigumu. Ukingo wake umeviringika na una vijisehemu vya mukuba uliovuja nje ya kalibu. Mistari iliyo sambamba, midogo na mikali, ni meno ya tupa. Tundu lililo duara kamili ni la mashine ya kutobolea, na lilitobolewa ili msalaba utundikwe ukutani. Mali ya kubebwa kwa matita haikuhitaji tundu la namna hiyo. Linganisha pia mkono na mkono. Handa uliochorwa mchangani kwa mkono una mkono mmoja mnene kuliko mwingine. Ukiona sokoni misalaba kumi iliyowekwa juu ya mkeka mmoja na yote ina kasoro ile ile mahali pale pale, ujue yote kumi ina mama mmoja.

Rangi ndiyo inayodanganya watu zaidi. Mukuba uliokaa nyumbani na kupita mikononi huwa wa kahawia nzito. Uliokaa ardhini huvaa kutu ya kijani iliyoshikana na mwili, isiyotoka kwa ukucha. Kutu ya kijani inayotoka kama unga ukiisugua kwa kitambaa kilicholowa ni ya asidi, ya chumvi au ya mkojo, na ina umri wa majuma. Hapa nawasihi masista wetu na mama wa usafi, wanaong'arisha vinara vya altare kwa ndimu na majivu: kazi yenu ni njema kwa vinara, lakini msiutie handa wa kale ndimu. Mkiisha kuusugua, hata mjuzi mkubwa hataweza tena kuusoma.

Alama ya mwisho imo ndani ya madini, na hiyo yahitaji maabara. Tangu mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, Likasi, kilitoa shaba iliyosafishwa kwa umeme, na kile cha Luilu, hapa Kolwezi, tangu mwaka 1960. Shaba ya namna hiyo ni safi kupita asilimia 99.9, ndiyo iliyomo katika nyaya za umeme, na misalaba mingi ya sokoni ilikuwa nyaya kabla ya kuwa misalaba. Mukuba wa makala huhifadhi chuma kidogo, kobalti kidogo, na vitu vingine vya mwamba wake.

Kisha kuna misalaba isiyojificha: ile iliyopigwa misumari juu ya ubao, iliyobandikwa juu ya malakiti, iliyofanywa kisu cha kufungulia barua au kisahani cha majivu ya tumbaku. Mingi ina maandishi, na maandishi hayo ni kalenda. Kolwezi ilijengwa kuwa mji mwaka 1937, basi jina lake juu ya kibao linaweka mpaka wa kwanza. Elisabethville na Jadotville ni majina yaliyokwisha mwaka 1966. Union Minière ilinyang'anywa mali zake hapa tarehe 1 Januari 1967, na jina la Gécamines lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zaïre ni ya kati ya mwaka 1971 na mwaka 1997, na jimbo la Shaba ni la miaka ile ile kwa karibu. Neno «Province du Lualaba» lisomwe pamoja na mwaka 2015, jimbo lilipoanza. Hata franka ya Katanga ya mwaka 1961, yenye ndizi upande mmoja na handa upande mwingine, imo katika ukoo huu; mafundi wengi wameigiza handa ile ya sarafu, na ile ya bendera ya miaka ya 1960 hata 1963, kuliko handa wa babu zao.

Vitu hivi si vya kudharauliwa. Kibao cha mfanyakazi aliyestaafu Union Minière kina historia yake ya haki. Ubaya huanza pale kinaposemwa kuwa kitu kingine. Na ubaya wa uongo huo hauishii kwenye mfuko wa mnunuzi. Mnunuzi aliyekwisha kudanganywa hutaka wa kweli, hulipa zaidi, na wa kweli hupatikana katika makaburi. Kaburi lililofukuliwa na mtafuta handa halisomeki tena: vyungu vimevunjwa, mifupa imetawanywa, na msalaba wenyewe, ukiisha kutenganishwa na mfu wake, hausemi tena kama ulilala juu ya kifua au karibu na kiuno. Sisi tunaowaombea marehemu wetu kila mwezi wa Novemba tunaelewa bila kufundishwa kwamba wale wa Sanga nao ni marehemu. Sheria pia ipo: amri ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda vitu vya kale vya nchi, na mtu akivumbua kitu cha namna hiyo yampasa kukitangaza kwa serikali.

Hapa Kolwezi neno hili lina haraka. Dikuluwe ya walaji wa mukuba ni leo mojawapo ya mashimo makubwa ya mina. Tanuru za udongo wa kichuguu hazimo tena. Wachimbaji vijana wanaposhuka ardhini na kukuta kipande cha mukuba kilichomiminwa, chungu, au mdomo wa udongo wa mvukuto, mara nyingi hukitupa katika gunia pamoja na mawe mengine, nacho huuzwa kwa kilo. Ningependa wajue kwamba makumbusho ya Lubumbashi yangekipokea, na kwamba picha moja ya simu iliyopigwa kabla ya kukiondoa, kikiwa bado mahali pake, ina thamani kuliko kitu chenyewe kikiwa mezani.

Katika familia zetu wapo wenye handa uliotoka kwa babu, uliopita kwa mahari kutoka ukoo hadi ukoo. Hao wasiuze, wala wasione haraka ya kuthibitisha umri. Wauweke kwenye mizani, waupime urefu, wauchore pande zote mbili juu ya karatasi, na waandike hapo majina ya waliouleta na kijiji ulikotoka, wakati wazee wanaoyakumbuka wangali hai. Karatasi hiyo ikikaa pamoja na msalaba, ndiyo chapa ya kitako ambayo wahunzi wa Dikuluwe hawakuiweka.

Na kwa zawadi za wageni, ushauri wetu ni mwepesi. Mununue msalaba mpya kwa fundi wa Kolwezi, mumlipe bei ya kazi yake, na mumwambie achonge upande wa nyuma, kwa herufi zinazosomeka, jina lake, jina la mji na mwaka.